Mjomba Aliyekaa Karibu na Mlango

Televisheni ya dada yangu Mwanaheri imevishwa mfuko wa nailoni kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Iko juu ya rafu ndani ya chumba cha mashine ya kusaga, hapa Mlali, na bila mfuko huo unga ungekuwa umeshaimaliza. Kwenye kioo chake kuna mstari wa kijani unaoshuka kutoka juu mpaka chini, upande wa kulia. Mwanaheri anasema ameshauzoea. Mwigizaji akipita pale, anamhesabu kuwa amepita nyuma ya nguzo ya umeme.

Ninaandika habari zake kwa sababu watu wengi wameisikia sauti yake kwenye simu na hawamjui mwenye sauti. Wengine wanadhani ni mchekeshaji. Si mchekeshaji. Ni mama wa miaka arobaini na tisa ambaye amekuwa akisaga mahindi ya watu tangu mumewe alipofariki. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa, na sijamsikia mteja hata mmoja akilalamika kwamba unga wake umepungua au umechanganywa na wa mwingine. Katika kazi ile, jambo hilo si dogo.

Mashine ikiwaka, mle ndani husikii hata ukiitwa jina lako. Tamthilia kubwa huonyeshwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo kina mama wamerudi kutoka shambani na foleni ya ndoo imefika barabarani. Basi Mwanaheri hutazama bila kusikia. Mikono inamimina mahindi, macho yako kwenye kioo. Kesho yake saa tatu asubuhi, wateja hawajaanza kuja, hutazama marudio kwa sauti. Kwa hiyo kila sehemu anaiona mara mbili, na mara zote mbili ana la kusema. Maneno ya jioni anayaita "ya mashine". Ya asubuhi anayaita "ya masikio".

Huyatuma kwa sauti kwenye grupu moja la simu la wapenzi wa tamthilia, ambalo binti yake Faraja, mwanafunzi wa chuo pale Morogoro mjini, alimwingiza miaka mitatu iliyopita. Hatumii zaidi ya dakika moja, na nyuma ya sauti yake huwa unasikia mota inavyozimika polepole. Nitaandika machache niliyoyahifadhi.

"Huyu mgonjwa hajitambui siku ya tatu leo, kope za bandia hazijang'oka hata moja. Muuguzi wa zamu ndiye anayezibandika?"

"Mama maskini, ndani hana hata chumvi, kucha ndefu kuliko uma. Ugali anausonga na nini?"

"Hawa Waturuki wamesimama mlangoni wanatazamana. Mwenzenu nimemaliza gunia zima, bado hawajaingia ndani."

"Kijana analia kwa mabega. Mtu akiwa analia kweli mabega yanalegea. Huyu anapepeta mchele."

Na hili, ambalo nililisikiliza mara nyingi: "Sehemu ya kumi na nne nimeikubali. Yule binti alivyoikunja kanga ya marehemu mama yake, aliikunja kama mtu anayeogopa kuiamsha. Mashine ilikuwa inaunguruma na bado nilimsikia."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na tamthilia sikuwahi kuzipenda. Ninao watoto darasani wanaojua waume wote wa mwigizaji fulani na hawajui mto unaopita nyuma ya choo cha shule unaitwaje. Nilimwambia dada yangu hivyo siku moja, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa mashine na kaunda suti yangu, nikikwepa unga.

"Mtu mzima kama wewe," nikasema, "jioni nzima unajaza watu maneno ya vitu vya kuigiza."

"Kaka," akanijibu, "wewe unasahihisha mtihani ambao hujausoma."

Nilikaa nikatazama. Sikuipenda tamthilia siku hiyo wala hadi leo sijaipenda. Lakini nilimtazama yeye, na nikaona anafanya kazi ambayo mimi hulipwa niifanye. Hasemi neno juu ya sehemu ambayo hajaiona mpaka mwisho. Mwili wa mwigizaji haujadili, na mambo ya nyumbani kwake hayagusi, hata wengine wakiyaleta grupuni kwa kijiko. Na akikosea, anarudi kusema amekosea mahali palepale, mbele ya watu walewale. Nimefanya kazi na wakuu wa shule wanne, na hilo la mwisho nililiona kwa mmoja tu.

Mwaka jana ikatangazwa tamthilia mpya iitwayo Bonde la Rehema, habari za familia ya Waluguru, imerekodiwa kwenye milima yetu wenyewe. Mlali nzima ilichangamka. Watu waliokuwa wanapita wakaanza kusimama kwenye mashine saa kumi na moja bila ndoo, wakitafuta kwenye kioo mashamba ya ndugu zao. Aliyeongoza kelele alikuwa Luqmani, mtoto wa shangazi yetu. Kwetu mabinamu ni watani, na Luqmani utani huo anaula mchana na usiku.

"Mwanaheri, leo zima mashine tuwasikie Waluguru wenzetu," akasema siku ya kwanza.

"Umeleta mahindi?"

"Nimeleta masikio."

"Masikio hayasagwi hapa. Sogea mwenye ndoo apite."

"Ndiyo maana hujaolewa tena. Nani atakaa na mwanamke anayetazama watu mabubu?"

"Wewe nyumbani una mke na redio. Ukiona umekuja kukaa kwangu, ujue huko wamekuchoka wote wawili."

Kina mama wa kwenye foleni wakacheka mpaka mmoja akamwaga pumba zake. Sehemu nane za mwanzo Mwanaheri alizisifu kwa kiasi. Alisema milima imepigwa vizuri na ukungu ni wa kweli. Alilalamika tu kwamba mwanamke aliyeshuka na kikapu cha kabichi kutoka mlimani alikuwa hajachafuka miguu, na mvua ilikuwa imenyesha sehemu iliyotangulia.

Sehemu ya tisa ilikuwa ya posa.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Sisi mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na mashamba ya mama yamo chini ya ukoo huo. Baba yupo na anaheshimiwa, na msikitini ndiye anayeozesha. Lakini katika ukoo wetu barua ya posa haifunguliwi kabla mjomba hajafika, na mjomba ana namna yake ya kufika. Huingia mwisho. Akipewa kiti cha katikati hakitaki, hukaa karibu na mlango. Kofia haivui. Fimbo huilaza magotini. Chai ikiletwa haigusi mpaka barua isomwe, kwa sababu akishainywa amekwisha kukubali. Siku hizi wengi wanachanganya mambo, na vijana wanaona ni usumbufu. Mimi ni mjomba wa Faraja, na siku yake ikifika nitakaa hivyohivyo.

Basi jioni ile Mwanaheri alikuwa anasaga, mimi nimekuja kuchukua unga wangu. Kwenye kioo kukawa na sebule, baba wa binti kwenye kochi, wageni watatu, barua kwenye sinia. Na karibu na mlango, kwenye kigoda, mzee mwembamba mwenye kofia na koti lililopauka. Fimbo iko magotini. Kikombe cha chai kimewekwa mbele yake na mvuke unapanda. Watu wanaongea, mikono inarushwa, mzee anatazama sakafu. Mkono wa mgeni ulipoigusa barua, mzee akainua kichwa.

Mwanaheri aliacha kumimina mahindi. Mashine ikabaki inasaga hewa, sauti ikapanda ikawa kama filimbi, na mwenye ndoo akamgusa bega. Hakujali. Sehemu ilipokwisha alizima mota, akafuta mikono kwenye kanga na kuchukua simu palepale.

"Waluguru wenzangu, nyoosheni migongo," akasema. "Leo wametuonyesha mjomba. Mmemwona alivyokaa mlangoni? Fimbo magotini, chai hajaigusa, hajasema neno, na nyumba nzima inamsubiri yeye. Waliotengeneza hii wamekaa chini wakafundishwa na watu wanaojua. Mimi Mwanaheri wa mashine, Mlali, nasema hii ndiyo picha yetu."

Yalikuwa maneno ya mashine, na aliyatuma kwa machozi. Akaniambia, "Kaka, kesho njoo asubuhi, nataka usikie anavyosema."

Ilikuwa likizo, nikaenda. Tulikaa juu ya magunia mawili, yeye na mimi, sauti tumeipandisha. Sebule ikaja, mzee akaja. Mgeni mmoja akageuka, akamnyooshea kidole gumba bila kumtazama, akasema, "Huyu msimjali, ni dereva wetu."

Baba wa binti akaanza kuzungumza. Alisema yeye ndiye mwenye mtoto, hana wa kumuuliza. Mjomba wa binti ni mlevi, hata kualikwa hakualikwa. Na shamba la mkewe lililoko mlimani atalitia sokoni wiki hiyohiyo ili harusi ipendeze. Wageni wakapiga makofi. Muziki ukapigwa, muziki wa furaha.

Mwanaheri alishika rimoti, akapunguza sauti mpaka mwisho. Mzee akawa mjomba tena. Akaipandisha, akawa dereva.

"Kaka, amesema dereva?"

"Amesema dereva."

"Dereva anakaaje vile?"

"Sijui."

Hakungoja hata matangazo yaishe. Nilimsikiliza anavyotuma, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Jana nilisifu. Leo nimesikia. Yule si mjomba, ni dereva wa wageni. Nyumba ile haina mjomba, na shamba la mama linauzwa na mtu ambaye si la kwake. Ninaziondoa sifa zangu za jana zote. Walioniamini wanisamehe, nilitazama kwa jicho nikatia maneno yangu mdomoni mwa watu. Sasa nauliza, katika posa ya Waluguru, mjomba yuko wapi?"

Mtu mwingine angeishia hapo, na lingekuwa jambo la grupu moja. Lakini saa saba mchana Faraja akapiga simu kutoka mjini.

"Mama, upo kwenye tangazo."

Mtu wa grupuni alikuwa amewapelekea watengenezaji sauti ya jioni, nao walikuwa wameshaibandika juu ya picha za milima na ukungu. Mzee wa mlangoni ametulia katikati ya kioo, na Mwanaheri anasema: hii ndiyo picha yetu. Ilikuwa imeonyeshwa mara tatu asubuhi ile. Jioni ikaonekana kwenye simu za watu Mzinga, kwenye vioo vya hoteli Mikese ambako mabasi husimama, na kwenye stetasi za watu tusiowajua. Sauti ya pili, ile ya kuondoa sifa, haikuwapo popote isipokuwa kwenye grupu letu.

Siku ya tatu akanipigia Mzee Yunusi. Huyu ni kaka wa mama yetu, yuko Mgeta, umri wake umepita themanini. Ndiye aliyekaa mlangoni Mwanaheri alipoposwa.

"Mwalimu," akasema, "dada yako ndiye anayesema kwamba mjomba ni dereva?"

"Hapana, mjomba. Alikosea kuona, kesho yake akasahihisha."

"Mimi kusahihisha sijakusikia. Nimesikia anasema ndiyo picha yetu. Watoto hapa wananiita dereva."

Mwanaheri alipompigia, hakupokea. Alipiga asubuhi, akapiga mchana, na kesho yake tena. Nilimkuta amekaa kwenye mlango wa mashine, simu mapajani, na foleni ya watu inamtazama.

"Neno langu linatembea huko nje na mimi siko nalo," akaniambia. "Kaka, sijawahi kusifu uongo. Sasa nimesifu, tena kwa jina langu na la Mlali."

Faraja aliwaandikia watengenezaji mara mbili kwamba mama anaomba sauti yake iondolewe. Hawakujibu. Wiki ya pili likaja gari jeupe, akateremka kijana mtanashati, amevaa viatu vyeupe ambavyo alivijutia alipofika kwenye pumba. Anaitwa Richard. Alikuwa mnyenyekevu, lazima niseme. Alimsalimu kila mtu aliyekuwa kwenye foleni, mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," Mwanaheri akasema, akazima mota. "Umetoka kwa watu wa tangazo."

"Ndiyo, mama. Sauti yako imetubeba sana. Bosi amesema tuje tukushukuru."

Dereva wake, dereva wa kweli huyu, akateremsha boksi refu. Televisheni. Luqmani, ambaye siku hiyo pia hakuwa na mahindi, aliyasoma maandishi yote ya kwenye boksi kwa sauti, mpaka mahali palipoandikwa isilazwe.

"Hii ukiiweka hapa," akasema, "mpaka waliokufa watakuja kusaga."

"Nashukuru," Mwanaheri akamwambia Richard. "Na mimi natakiwa kufanya nini?"

"Hakuna kitu kikubwa, mama. Sauti ya kwanza tunaiacha iendelee. Halafu utuongezee nyingine fupi tu. Sehemu ya kumi na mbili inatoka Jumatatu. Useme imekukosha."

"Nimeshaiona?"

"Bado haijatoka, mama."

"Sasa imenikoshaje?"

Richard akacheka kidogo, akakuta anacheka peke yake. Mwanaheri akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Vijana wa siku hizi mtu anayesifu kwa kulipwa wanamwitaje?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Luqmani ndiye aliyesema, bado ameegemea boksi, na alisema kwa huzuni. "Chawa."

"Basi, mwanangu Richard," akasema, "kichwa changu hiki kila siku kimejaa unga. Nikiruhusu na chawa waingie humo, watanona mpaka mtashindwa kuwatoa."

Kina mama waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Akakaa juu ya gunia na kumwonyesha Richard gunia la pili akae.

"Mimi nataka jambo moja. Iondoeni sauti yangu. Kama mmeshindwa kuiondoa, wekeni na ya pili. Mtu akinisikia nikisifu, anisikie na nikiziondoa sifa. Mjomba wangu yupo Mgeta hapokei simu yangu kwa ajili yenu."

"Mama, ile ya pili inatuharibia."

"Mimi ya kwanza imeniharibia tayari."

Richard akatazama viatu vyake. Nilimwona kijana anapima, na sikumwonea huruma. Mtu akiona ukweli na uongo vimewekwa mbele yake halafu akaanza kupima, hapo ndipo namjua alivyolelewa. Mwanaheri akamsaidia kwa kuuliza swali jingine.

"Niambie, yule mzee ni mwigizaji wa wapi?"

"Yupi, mama?"

"Dereva."

"Ah. Yule si mwigizaji. Kijana wetu aliyekuwa aigize dereva aliugua siku ile, tukamchukua yule mzee hapohapo Mgeta, alikuwa amekuja kutazama tunavyorekodi. Mzee Kibwana. Tulimwambia akae tu, asiongee. Alitusumbua kidogo."

"Alisumbuaje?"

"Mwongozaji alitaka akae kwenye kochi na wenzake, akakataa. Akauliza hapa kuna shughuli gani, tukamwambia posa. Akaenda akakaa mlangoni. Tukaona sawa, si kitu."

"Na chai?"

"Tulimwambia ainywe, ipendeze. Akasema barua haijafunguliwa."

Mota ilikuwa imezimwa, na kwa mara ya kwanza mle ndani nikasikia panya anatembea nyuma ya magunia. Mwanaheri alifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Alipoishusha, alikuwa anatabasamu, uso mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi.

"Fimbo mlimpa nyinyi?"

"Alikuja nayo."

"Ana wapwa wangapi?"

"Sikumuuliza, mama."

"Ungemuuliza. Mlikuwa na mjomba ndani ya nyumba, akakaa pake, akawafanyia kazi yake yote bila kufundishwa. Nyinyi mkamwita dereva." Akanigeukia. "Kaka, jicho langu halikukosea. Waliokosea ni hawa."

"Umesahihisha mtihani kabla ya mwenye kuutunga," nikasema. Alicheka, na mimi nikacheka, ambalo si kawaida yangu mbele ya watu.

Boksi lilirudi kwenye gari. Nilisaidia kulibeba mimi mwenyewe, kwa kuwa Luqmani aligoma kushika upande wa pili. Alisema mikono yake haiwezi kufanya dhambi ile. Lilikuwa zito, na mpaka leo sijabeba mzigo kwa moyo mweupe kama ule. Dada yangu anatazama kioo chenye mstari wa kijani. Walimwekea kipya mlangoni mwake, akakitazama, akauliza kwanza kinataka aseme nini. Nina wanafunzi niliowafundisha ambao leo wana ofisi na viti vya kuzunguka, na ningependa wawili watatu wangekuwapo pale siku ile, wasimame kwenye foleni na ndoo.

Kabla hajaondoka, Richard alimwomba Mwanaheri amtumie sauti ya pili kwenye simu yake. Hakuahidi kitu. Jumamosi tangazo likatoka jipya. Mwanaheri anasifu, mzee ametulia mlangoni. Kisha kioo kinakuwa cheusi na Mwanaheri anaziondoa sifa zake, neno kwa neno, hawakukata hata pale anapoomba radhi. Linaishia na swali lake: mjomba yuko wapi? Sijui walifanya hivyo kwa haya au kwa biashara, kwa sababu swali lile lilienea kuliko sifa. Watu wakawa wanaulizana mpaka kwenye mikutano ya vijiji. Sitawapa watengenezaji wema ambao sikuuona kwa macho. Ninachojua ni kwamba lilitoka lote.

Jioni ile simu ya Mwanaheri iliita mashine ikiwa inawaka. Hakuisikia. Mama mmoja wa kwenye foleni ndiye aliyeona inamulika juu ya rafu, akamwonyesha jina. Akazima mota.

"Shikamoo, mjomba," akasema, na akapiga magoti palepale kwenye pumba, mtu wa upande wa pili hata hamwoni.

Mzee Yunusi huzungumza na simu kana kwamba anamwita mtu wa mlima wa pili, kwa hiyo tulimsikia wote. "Marahaba. Nimekusikia sasa. Huyo mzee wa mlangoni namjua, ni Kibwana, mtu wa Mgeta hapa, ana wapwa tisa. Waambie hao watu wako chai yake ilipoa bure."

"Nitawaambia, mjomba."

"Na mpango wa Faraja ukifika, mwalimu asije na kaunda suti. Aje na koti."

Nilinunua koti.

Sehemu ya kumi na nane, ambayo ndiyo ya mwisho, ilionyeshwa siku ya Jumatatu. Chumba cha mashine kilijaa watu mpaka nje, wengi bila ndoo. Luqmani alimwomba Mwanaheri, safari hii bila utani, azime mashine watu wasikie. Alikataa. Alisema anao wateja wawili waliotoka mbali, na yeye ya jioni huitazama kwa macho, utaratibu haubadiliki kwa sababu ya wageni. Basi sote tukatazama katika ule mngurumo, watu sitini hivi, hakuna aliyesikia kitu.

Baba wa binti alikuwa na wanunuzi wa shamba sebuleni. Karatasi ziko mezani, kalamu iko mkononi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Kibwana, kofia ileile, koti lilelile. Akapewa kiti cha katikati, akakipita, akakaa mlangoni. Akalaza fimbo. Baba akaiweka kalamu chini. Mzee akafungua mdomo akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu, na binti akaja akapiga magoti mbele yake. Pale kwenye mashine mama mmoja mtu mzima alianza kupiga vigelegele. Tulimjua kwa mdomo tu.

Kesho yake saa tatu tuliikuta sauti yote. Maelezo yakawa kwamba dereva ndiye alikuwa mjomba miaka yote, amejificha kwa sababu ya deni la siri la familia, na hata dada yake wa tumbo moja hakumtambua. Luqmani aliona ni maelezo mazuri kabisa. Alisema hata yeye ana ndugu ambao angependa wasimtambue.

Watu wa grupu walikuwa wanasubiri. Faraja aliniandikia kwamba Richard naye ameshaingia grupuni, yuko kimya, anasubiri kama wengine. Mwanaheri alichukua simu, akapuliza unga kwenye kioo chake, akafikiri. Halafu akasema, na haikufika nusu dakika:

"Sehemu ya kumi na nane nimeiona na nimeisikia. Mtu amewaendesha wakwe wa mpwa wake kwenye gari sehemu tisa nzima, na mpwa hamjui mjomba wake. Hilo mmelibandika kwa gundi, na gundi inaonekana. Shamba limerudi kwa mama, hilo ni sawa. Muziki mpunguze. Mzee Kibwana, shikamoo. Umekaa pako."

Akaiweka simu juu ya rafu, akawasha mota, akapokea ndoo ya kwanza.